Nani Alilipia Povu la Kunyolea?

Wahenga walituachia usemi: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tumezoea kuutumia kama onyo, hasa katika siasa. Lakini kabla ya kuwa onyo, usemi huu ulikuwa ni maelekezo ya kinyozi. Nywele kavu ni ngumu; zikiloweshwa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu hulainika, na wembe hupita bila kuvuta ngozi. Kwa sisi wenye ndevu za kipilipili, ambazo zikikatwa vibaya hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, maandalizi hayo ndiyo tofauti kati ya kidevu kilaini na kidevu cha vipele.

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja alinilalamikia kwamba kopo la povu la kunyolea limempiku mfukoni, akauliza kama kuna mbadala nafuu. Jibu fupi nilimpa papo hapo: maji ya moto, sabuni ya kuogea isiyo kali, na matone machache ya mafuta ya nazi. Jibu refu ni la kihistoria, na ndilo ninalotaka kuliandika hapa. Unafuu wa sabuni haukupata kuwa jambo la bahati. Mahali pengi bei yake iliamuliwa na wenye mamlaka, na mara nyingi aliyeilipa hakuwa mnunuzi peke yake.

Tuanze na Uingereza. Mwaka 1712, wakati wa Malkia Anne, Bunge liliweka ushuru juu ya sabuni. Maofisa wa ushuru walifika viwandani na kufunga vifuniko vya masufuria ya kuchemshia usiku, ili pasitengenezwe sabuni isiyolipiwa. Maskini walibaki na vipande vidogo au hawakuwa na sabuni kabisa. Ushuru huo ulidumu kwa miaka 141, hadi William Gladstone, akiwa waziri wa fedha, alipoufuta mwaka 1853. Kwa karne moja na nusu dola ilikuwa imeuhesabu usafi wa mwili kuwa chanzo cha mapato.

Ushuru ulipoondoka, biashara ilipanuka. Mwaka 1885 William Lever na nduguye James walianzisha kampuni yao ya sabuni, wakapata umaarufu kwa sabuni ya Sunlight. Kadiri soko lilivyokua, ndivyo njaa ya mafuta ilivyoongezeka. Mwaka 1911 Lever alitia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi nchini Kongo. Makao ya mojawapo ya maeneo hayo, huko Lusanga katika bonde la Kwilu, yaliitwa Leverville. Wanaume walisukumwa na utawala wa kikoloni, kwa kodi na kwa nguvu, wapande michikichi mirefu kukata mikungu kwa ujira mdogo. Mwaka 1931 Wapende waliasi; jeshi la kikoloni liliwaua kwa mamia. Aliyepaka povu kidevuni huko Ulaya aliiona sabuni kuwa rahisi. Ilikuwa rahisi kwa sababu sehemu ya bei yake ilikuwa imelipwa Kwilu.

Kisa cha tatu kinahusu brashi ya kunyolea, ile inayochanganya povu na kulipaka usoni. Vita Kuu ya Kwanza ilipovuruga njia za biashara, brashi za manyoya ya melesi zikawa adimu. Soko lilijazwa brashi za bei ya chini, zilizotengenezwa kwa nywele za farasi kutoka Asia ya Mashariki, na baadhi hazikuwa zimetakaswa ipasavyo. Askari na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kilichoingia kupitia mikwaruzo ya wembe, na wengine walikufa. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku uingizaji wa brashi za kunyolea kutoka Japani. Hapa funzo ni la upande wa pili: bei ya chini isiyosimamiwa nayo ina gharama, na safari hii ilimwangukia mnunuzi mwenyewe.

Kwetu Tanzania kumbukumbu iko karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta ya petroli, fedha za kigeni zilikauka na viwanda vikakosa malighafi na vipuri. Sabuni ikawa bidhaa ya foleni. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka mama akifulia majani ya mpapai, huku baba, mwalimu wa shule ya msingi, akitunza kipande cha sabuni ndani ya kikopo kwa ajili ya kidevu chake tu. Mwalimu hakuruhusiwa kusimama mbele ya darasa na ndevu za wiki. Mwaka 1983 serikali ilianzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi, ukiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Msako ulifichua bidhaa zilizofichwa, lakini haukuweza kuzalisha sabuni. Bidhaa zilianza kurudi madukani baada ya bajeti ya 1984 kulegeza masharti ya uagizaji. Zilirudi kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu haukuifikia kwa urahisi.

Visa hivi vinne vinanipa maswali matatu kwa wenzangu walioko ofisi za umma. Je, tunapopanga kodi, sabuni tunaihesabu kuwa anasa au afya? Shirika la Viwango, lililokabidhiwa usimamizi wa vipodozi mwaka 2019, lina watu na maabara za kutosha kuzifikia krimu zinazouzwa kwenye meza za barabarani? Na mkulima wa michikichi wa Kigoma, ambako sabuni ya mawese imetengenezwa kwa miaka mingi, anapata nini katika kila kipande tunachokiita nafuu?

Kwa mwanafunzi wangu: loweka ndevu kwa kitambaa cha maji ya moto, paka povu la sabuni ya kuogea, iache sabuni ya kufulia kwa nguo, fuata mwelekeo wa nywele, na usiazime wembe wa mtu. Huhitaji kopo lile. Lakini uonapo sabuni imeshuka bei ghafla, au imetoweka, usiishie kufurahi au kunung'unika. Uliza nani ameamua, na nani analipa. Wenzetu wa London, wa Kwilu na wa foleni za 1983 walikwisha kunyolewa. Sisi tutie maji.