Vidole Juu ya Pingili: Upapasaji wa Uti wa Mgongo katika Kairopraktiki

Inamisha kichwa mpaka kidevu kikaribie kifua, kisha pitisha kidole nyuma ya shingo kuelekea mabegani. Utakutana na kifundo cha mfupa kilichochomoza kuliko vingine. Kwa watu wengi hiyo ni ncha ya pingili ya saba ya shingo. Jirani yake wa chini, pingili ya kwanza ya kifua, wakati mwingine humpiku kwa kuchomoza, kwa hiyo mtabibu wa kairopraktiki, tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono, haamini macho. Huacha vidole juu ya vifundo na kumwambia mgonjwa ainue uso taratibu: pingili ya sita huteleza mbele na kupotea chini ya kidole, ya saba hubaki palepale.

Kazi ya kwanza ya kupapasa mgongo, basi, ni kujua uko wapi. Pingili zinazojongea ni 24: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, chini yake kuna sakramu na kifandugu, ambazo pingili zake zimeungana. Vitabu hutoa alama za njiani. Ncha ya chini ya kombe la bega hutazamana na pingili ya saba ya kifua, na mstari unaopita juu ya kingo za nyonga mbili hukata pingili ya nne ya kiuno. Mwili wenye nyama hausomi vitabu. Vidole hukwama kwenye minofu kabla ya kufika mfupani, mstari ukapanda pingili nzima. Na ncha ya kombe la bega mara nyingi huangukia pingili ya nane.

Baada ya hapo mgonjwa hulala kifudifudi. Mkono huanza kwa wepesi: ngozi ina joto au unyevu kuliko upande wa pili? Misuli inayoandamana na mgongo imelegea, au imekaza kama kamba ya nanga? Kisha shinikizo huongezwa, pingili moja baada ya nyingine, mtabibu akibonyeza na kuachia huku akiuliza, "Hapa je?" Anatafuta mambo manne: maumivu, tofauti ya pande mbili, upungufu wa mwendo na mabadiliko ya nyama na ngozi.

Mwendo ndio mgumu kuusoma. Mgonjwa huketi amekunja mikono kifuani. Mkono mmoja wa mtabibu humzungusha kiwiliwili, dole gumba la mkono mwingine likiwa limetulia kati ya ncha mbili za pingili. Kiungo kizima hunesa kidogo kinapofika mwisho wa mwendo wake. Kilichokakamaa hugota. Mbelgiji Henri Gillet alitumia miaka mingi akiijenga mbinu hii, akihamisha macho ya taaluma kutoka kwenye pingili "iliyokaa vibaya" hadi kwenye kiungo kisichosogea vizuri.

Hatua hiyo ilikuwa na maana, kwa sababu kairopraktiki yenyewe ilizaliwa kutokana na kifundo kilichopapaswa. Mwaka 1895, mjini Davenport, Iowa, nchini Marekani, D. D. Palmer alimpapasa Harvey Lillard, mfanya usafi aliyekuwa na uziwi, akahisi pingili imechomoza, akaisukuma. Kwa masimulizi ya Palmer, usikivu wa Lillard ulirudi. Tatizo ni kwamba neva ya kusikia hutoka sikioni hadi kwenye ubongo ndani ya fuvu, haipiti mgongoni. Isitoshe, ncha ya pingili inaweza kuwa imeota upande tangu utotoni bila pingili yenyewe kuhama hata kidogo. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Kairopraktiki la Uingereza lilitamka kuwa dhana ya pingili kuhama na kusababisha magonjwa haina ushahidi wa kitabibu.

Je, vidole vyenyewe vinaaminika? Watafiti wamewapa watabibu mgongo uleule, kila mmoja apime bila kujua jibu la mwenzake. Kuhusu kiungo gani kimekakamaa, makubaliano yao mara nyingi hayazidi sana bahati nasibu. Mtabibu hukubaliana zaidi na vipimo vyake mwenyewe kuliko vya mwenzake. Kuhusu mahali panapouma, wanapatana vizuri zaidi, na hilo halishangazi: hapo mgonjwa naye anajibu. Kwa maoni yangu, lile "Hapa je?" lina thamani kuliko ustadi wote wa dole gumba.

Lipo jambo moja ambalo mkono hauruhusiwi kulipita. Kifua kikuu cha mgongo, ambacho Afrika Mashariki si ugonjwa wa vitabuni tu, hula pingili mpaka zikaporomoka, na kidole kikakuta nundu kali katikati ya mgongo. Nundu hiyo ikiandamana na homa za jioni, kukonda au miguu kuishiwa nguvu, hakuna kusukuma wala kunyoosha: mgonjwa hupelekwa akapigwe picha na kupimwa maabara, siku hiyohiyo.