PIKINIKI YA KIKOMBE KIMOJA: UGOMVI WA KUTOKA NJE WAKATI WA KORONA



Leo twende Uingereza, Januari 2021. Korona imepamba moto na watu wameamriwa kukaa ndani kwa mara ya tatu. Wanawake wawili, marafiki, wanakubaliana kwenda kutembea kando ya bwawa la Foremark, mkoa wa Derbyshire. Kila mmoja anakuja na gari lake, peke yake, mwendo wa maili tano hivi, yaani kilomita nane. Kila mmoja ana kinywaji chake cha moto. Wanashuka tu, polisi hawa hapa! Wanaambiwa kwamba hapa si karibu na nyumbani kwenu, na hivyo vinywaji mlivyoshika vinahesabiwa kuwa pikiniki. Faini pauni 200 kila mmoja.

Usicheke bado. Siku chache baadaye polisi haohao walizifuta zile faini na kuomba radhi. Na katika siku hizohizo Waziri Mkuu, Boris Johnson, alionekana akiendesha baiskeli katika bustani ya Olimpiki kule Stratford, mashariki ya London, maili saba kutoka Downing Street alikokuwa akiishi. Watu wakapiga kelele: wale maili tano faini, huyu maili saba salama? Mkuu wa polisi wa London alipoulizwa akasema hilo halikuvunja sheria. Na kweli halikuvunja. Lakini basi na wale wanawake hawakuvunja, maana sheria haikutaja maili hata moja. Maneno ya "kaa eneo lako" yalikuwa kwenye mwongozo wa serikali, si kwenye sheria.

Hapo ndipo nataka usimame nami, ndugu yangu.

Turudi nyuma hadi tarehe 23 Machi 2020. Usiku ule Johnson alihutubia taifa kwenye televisheni, akasema kaeni majumbani, na kutoka kwa mazoezi ni mara moja kwa siku. Kila mtu alisikia. Siku tatu baadaye zikatoka kanuni zenyewe zenye nguvu ya sheria. Zilisema mtu asitoke anapoishi bila udhuru wa maana, na miongoni mwa nyudhuru zikataja mazoezi, peke yako au na watu wa nyumba yako. Kuhusu "mara moja", kanuni za England zilikaa kimya. Za Wales, jirani yake, ziliandika mara moja kwa siku. Kwa hiyo ukiwa mpakani, upande huu ukikimbia asubuhi na jioni una kosa, na upande ule huna.

Aliyesoma fiqhi hata kidogo hili halimpi shida. Kuna wajibu na kuna sunna, kuna haramu na kuna makruhu. Nasaha ya kiongozi wakati wa maradhi ni jambo kubwa, na mwenye akili anaifuata. Lakini adhabu hufuata hukumu, haifuati nasaha. Ukichanganya hivyo viwili utamwadhibu mtu asiye na kosa, tena ukidhani unafanya kheri.

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika siku hizohizo, polisi wa Derbyshire walirusha droni juu ya milima ya Peak District, wakawapiga picha watu wanaotembea na mbwa wao, kisha wakaitangaza video mtandaoni ili kuwaaibisha. Ukiitazama, unaona mtu mmoja au wawili katika uwanda mtupu. Jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu, Lord Sumption, aliwakemea hadharani kwamba polisi hawana kazi ya kutekeleza matakwa ya mawaziri, kazi yao ni kutekeleza sheria. Naye waziri Michael Gove aliulizwa mazoezi ni muda gani. Akajibu kwamba kwa watu wengi kutembea kunatosha saa moja, na kukimbia nusu saa. Kesho yake watu wakaanza kuhesabu dakika za majirani zao!

Hili la majirani ndilo linaloniuma zaidi. Mkuu wa polisi wa Northamptonshire alieleza kwamba wanapigiwa simu nyingi na watu wanaosema jirani yangu nadhani katoka kukimbia mara ya pili leo. Elewa vizuri: mtu kakaa nyuma ya pazia anamhesabu mwenzake, kisha anamshitaki kwa jambo ambalo sheria ya nchi haikulikataza. Sisi tumekatazwa dhana mbaya na kupelelezana katika Suratul Hujurat, aya ya 12, makatazo mawili yakifuatana, maana la kwanza huzaa la pili. Nakiri kwamba mwaka ule na mimi niliwasema vibaya watu niliowaona kwenye picha tu, wala sikujua waliishi wapi wala walitoka na nani.

Tuwe waadilifu pia. Hofu ile haikuwa ya kubuni. Katika Aprili 2020 kulikuwa na siku ambazo vifo vilivyotangazwa Uingereza vilipita 900. Jumamosi ya tarehe 4 jua liliwaka, na halmashauri ya Lambeth, London, ikasema watu zaidi ya 3,000 waliingia bustani ya Brockwell. Kesho yake ikafungwa. Jumapili hiyohiyo Waziri wa Afya alitishia kupiga marufuku mazoezi ya nje kabisa, na jioni Waziri Mkuu mwenyewe akalazwa hospitali kwa ugonjwa uleule. Katika hali hiyo, anayesema "fungeni kila kitu" si mjinga wala dhalimu. Ameogopa.

Lakini ukifunga bustani, umemfungia nani? Takwimu za serikali yao zilionyesha kwamba nyumba moja kati ya nane nchini humo haina bustani wala ua, na London ni moja kati ya tano. Na watu weusi walikuwa na uwezekano wa karibu mara nne kuliko weupe wa kuishi pasipo sehemu ya nje. Mwenye bustani yake aliweza kumtetea waziri huku anakunywa chai chini ya mti. Mama mwenye watoto wanne kwenye ghorofa ya tisa yeye alikuwa na ile saa moja tu. Na mtoto mwenye usonji, ambaye utulivu wake wote ni kutembea sehemu anayoijua, mara mbili au tatu kwa siku? Ilibidi familia zianze hatua za kisheria ndipo, mwezi huo wa Aprili, mwongozo ukabadilishwa kuwapa ruhusa watu kama hao.

Katikati ya Aprili polisi wakapewa maelezo. Kuendesha gari hadi mashambani ili utembee inakubalika, ikiwa muda wa kutembea unazidi sana muda wa kuendesha. Kutembea kidogo kisha ukakaa kwenye benchi muda mrefu zaidi, hapana. Angalau hapo kuna kipimo, ingawa mzee mwenye magoti mabovu angeuliza, na mimi je?

Kwingine walikaza zaidi. Afrika Kusini, kwa wiki tano tangu tarehe 27 Machi, hata kutembeza mbwa kulikatazwa. Tarehe 1 Mei wakaruhusiwa mazoezi kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, ndani ya kilomita tano. Matokeo yake? Pale Sea Point, Cape Town, watu wakajazana ufukweni kwa wakati mmoja, maana wote walipewa saa zilezile. Uganda, watu walipoonekana wakikimbia makundi kwa makundi, Rais Museveni alikataza mazoezi ya nje, kisha akatoa video akikimbia ndani ya ofisi yake na kupiga pushapu 30, akiwa na miaka 75. Wengi walimpongeza. Wengine waliuliza: ofisi ile ina ukubwa gani, na chumba changu cha kupanga kina ukubwa gani?

Ndugu zangu, ugonjwa unapoingia, wema hutofautiana. Mnakijua kisa cha Sargh. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Shamu, akaambiwa kuna tauni. Akawaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Ansari, wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikuraishi, wao wakasema kwa kauli moja arudi. Abu Ubayda (r.a.) hakuridhika, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchungaji kwenye bonde lenye pande mbili, moja yenye majani na moja kavu. Hakumwambia wewe ni mkaidi. Na Abu Ubayda hakumwambia wewe ni mwoga. Kisha Abdurrahman bin Awf, aliyekuwa hayupo, akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba msiingie ardhi yenye tauni, na msitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Allah na kurudi Madina.

Abu Ubayda alibaki Shamu na akafa katika tauni ile ya Amwas. Muadh bin Jabal akachukua uongozi, naye akafa. Akafuata Amr bin al-As, na hapa sikiliza vizuri, maana ni ugomvi uleule wa kutoka nje. Imepokewa kwamba aliwahutubia watu akasema maradhi haya yanawaka kama moto, basi tawanyikeni milimani. Swahaba mmoja akampinga hadharani kwa maneno makali. Amr akasema hatamjibu, wala hakumwadhibu. Akatoka, na watu wakatoka naye wakatawanyika, hadi Allah akaiondoa tauni. Habari zikamfikia Umar kule Madina, na imepokewa kwamba hakulichukia alilolifanya Amr.

Wallahu a'lam.