Bima kwa kikundi chenye ukumbi, viti na maturubai

Vikundi vingi vya vijijini Tanzania vilianza na mchango mdogo wa kila wiki. Leo vina viti, maturubai, masufuria, spika, na vingine vina ukumbi wa kukodisha kwa harusi na mikutano. Moto wa usiku mmoja unaweza kumaliza jasho la miaka kumi. Wasikilizaji wetu huuliza: tukate bima ipi? Tunawashauri mjue kwanza mali yenu na hatari zake, ndipo muulize bei.

Hatari zenu ni zipi?

Mali. Bima ya moto hulinda jengo na vilivyomo. Wizi mara nyingi hukatiwa bima yake, na hati nyingi hutaka kuwe na alama za kuvunja. Viti vikichukuliwa mlango ukiwa wazi, au mteja akikodi asirudishe, mnaweza kukosa fidia. Ulizeni pia kama vifaa vinalindwa vikiwa njiani na vikiwa kwa mteja.

Wageni. Turubai likimwangukia mtu harusini, kikundi kinaweza kudaiwa gharama za matibabu. Hapo inahitajika bima ya dhima kwa umma. Bima ya moto haihusiki.

Wanakikundi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unahusu waajiri na waajiriwa wao. Kwa wanaojitolea, ulizeni bima ya ajali binafsi ya kikundi.

Msipunguze thamani

Hapa ndipo vikundi huumia. Tuseme vifaa vyenu vina thamani ya shilingi milioni 20, lakini ili mlipe kidogo mkaandika milioni 10. Moto ukiunguza vifaa vya milioni 6, kampuni inaweza kuwalipa milioni 3 tu, kwa sababu mlilipia nusu ya thamani. Kuongeza thamani nako hakusaidii, kwani fidia hufuata hasara iliyotokea.

Jina na ukweli

Hati iandikwe kwa jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili. Isiandikwe kwa jina la mwenyekiti, maana viongozi hubadilika. Kama ukumbi ni wa serikali ya kijiji nanyi mnautumia tu, kubalianeni kwanza nani anakatia bima jengo na nani vifaa.

Kwenye fomu semeni kweli. Kama paa ni la makuti au mnapikia kuni ndani, andikeni. Jambo lililofichwa linaweza kuwa sababu ya kukataliwa madai.

Kabla ya kulipa, ulizeni

1. Ni mambo gani hayalipwi?
2. Hasara ikitokea, sehemu gani tunabeba wenyewe?
3. Ulinzi unaanza na kuisha tarehe gani?
4. Taarifa ya hasara itolewe ndani ya siku ngapi?
5. Kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA)?

Lipeni kwa kampuni, msilipe kwenye simu ya mtu binafsi. Chukueni risiti na hati, na katibu aisome mbele ya mkutano.

Hasara ikitokea

Okoeni kinachookoka, pigeni picha, msitupe mabaki kabla hayajakaguliwa. Kama ni wizi, ripotini polisi. Iarifuni kampuni mapema, kwa maandishi. Ikikataa kulipa, iombeni itoe sababu kwa maandishi. Msiporidhika, mnaweza kwenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kazi ya kuanza nayo haina gharama. Wiki hii hesabuni kila kitu, andikeni bei zake, tunzeni risiti na kupiga picha. Nakala ikae nyumbani kwa mwanakikundi, nje ya ukumbi. Daftari likiungua pamoja na viti, kuthibitisha mlichokuwa nacho kutakuwa kazi ngumu.