Tanga jipya, chombo kile kile

Tarehe 18 Machi 2019 Zanzibar ilishuhudia jambo ambalo ni nadra katika historia ya vyama vya siasa. Siku hiyo ilipoanza, Chama cha Wananchi, CUF, kilikuwa bado ni nyumba ya wapinzani wa Visiwani, kama kilivyokuwa tangu 1992. Ilipofika jioni, wenye nyumba walikuwa wamehama. Mahakama Kuu ilikuwa imetoa uamuzi uliompa nguvu Profesa Ibrahim Lipumba katika mgogoro wa uenyekiti, na Maalim Seif Sharif Hamad akatangaza kuwa yeye na wenzake wanahamia ACT-Wazalendo. Kaulimbiu ilikuwa fupi: shusha tanga, pandisha tanga. Bendera zikateremshwa na ofisi za matawi zikapakwa rangi mpya. Katika uchaguzi wa 2020 ni ACT-Wazalendo iliyotangazwa ya pili nyuma ya CCM, na CUF, iliyowahi kupata karibu nusu ya kura zote, ikawa haimo tena katika mashindano.

Wako waliosema wakati ule kwamba siasa za vyama viwili Zanzibar zimekwisha. Mimi nasema siku ile ilithibitisha kinyume chake. Kilichobadilika ni tanga. Chombo, nahodha na abiria walikuwa wale wale. Na hapo ndipo penye shida ya mpigakura wa Visiwani: anaweza kuchoshwa na viongozi wake, lakini hana pa kwenda.

Tuanze mbali kidogo. Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar ulifanyika Julai 1957, na tangu hapo ushindani ukawa baina ya Afro-Shirazi na Hizbu. Mwaka 1959 baadhi ya viongozi wa Afro-Shirazi, akiwamo Mohamed Shamte, walichoshwa na uongozi wa chama chao, wakaunda chama cha tatu, ZPPP. Januari 1961 wananchi wakapiga kura. Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Ungedhani chama hicho kidogo kingekuwa mwamuzi. Lakini wabunge wake watatu waligawanyika, wawili upande wa Hizbu na mmoja upande wa Afro-Shirazi. Hesabu ikawa 11 kwa 11, na serikali ikashindwa kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, na ghasia zilizofuata zikaua watu 68.

Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na Hizbu na ZPPP zikatawala kwa ushirika. Mwaka huo huo Abdulrahman Babu naye alitofautiana na wakubwa wenzake wa Hizbu, akatoka na kuunda Umma. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Umma ikamezwa na Afro-Shirazi.

Tazama mtiririko huo. Kila chama kilichozaliwa kwa hasira dhidi ya viongozi kiliishia kuwa mkia wa upande mmojawapo. Njia ya tatu haikudumu hata miaka mitano.

Kisha tukawa na chama kimoja kwa zaidi ya miaka 28. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, vilisajiliwa vingi, lakini sanduku la kura lilivijua viwili tu. Oktoba 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif wa CUF. Katika Baraza la Wawakilishi CCM ilipata viti 26 na CUF 24, vikiwamo vyote 21 vya Pemba. Wala si kweli kwamba hawa walikuwa Hizbu na Afro-Shirazi waliovaa kanzu mpya, maana Maalim Seif mwenyewe alikuwa Waziri Kiongozi wa serikali ya CCM hadi 1988. Watu walihama, pande zikabaki mbili.

Kwa nini basi mpigakura aliyechoshwa hamwadhibu kiongozi wake? Jibu la kwanza ni hofu. Kumnyima kura kiongozi wako ni kuupa ushindi upande wa pili, na Zanzibar ushindi wa upande wa pili haujachukuliwa kuwa jambo la miaka mitano tu. Januari 2001 waandamanaji wa CUF walipigwa risasi, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni nchini Kenya. Mtu aliyezika ndugu yake siku zile hakai kupima kama katibu wa tawi lake anafaa au hafai. Anafunga safu. Hofu hiyo imewalinda viongozi wa pande zote mbili kuliko mlinzi yeyote.

Jibu la pili ni sheria na taratibu, ambazo zimewapa wakubwa wa vyama ufunguo wa kila mlango. Mwaka 2000 wajumbe wa CCM Zanzibar walimpa Dk. Mohamed Gharib Bilal kura nyingi kuliko Amani Abeid Karume, lakini Halmashauri Kuu ya Taifa ikamteua Karume. Upande wa pili, Maalim Seif aligombea urais mara sita, kuanzia 1995 hadi 2020. Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walivuliwa uanachama katika ugomvi wa viongozi, na ubunge ukaondoka nao. Na anayetaka kugombea bila chama haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki za raia wa Tanzania.

Hata maridhiano, ambayo nayapongeza kwa kuwa yaliokoa maisha ya watu, yaliziimarisha pande hizo mbili. Katiba ya Zanzibar iliyorekebishwa mwaka 2010 inampa Makamu wa Kwanza wa Rais chama kilichoshika nafasi ya pili. Wa tatu hana ngazi ya kupandia. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulitoa sura ile ile: Dk. Hussein Mwinyi wa CCM alitangazwa wa kwanza, na Othman Masoud Othman wa ACT-Wazalendo wa pili.

Hata hivyo, iko siku moja ambayo Mzanzibari alipewa karatasi ya kura isiyouliza chama. Ni tarehe 31 Julai 2010, siku ya kura ya maoni kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Rais Karume na Maalim Seif walikuwa wamekutana Novemba 2009 na kupatana. Asilimia 66.4 walisema ndiyo, na uchaguzi uliofuata ukapita kwa amani. Lakini wengi huisahau ile theluthi moja. Wale walisema hapana wakati wakuu wa pande zote mbili walitaka ndiyo. Hawakuitwa wasaliti, wala hakuna upande ulioanguka kwa sababu yao. Siku ile mwananchi aliweza kumpinga kiongozi wake bila kumpa ushindi hasimu wake.

Hilo ndilo linalokosekana siku nyingine zote. Sidhani kwamba siasa za pande mbili zitaondoka Zanzibar karibuni, maana zimeshinda marufuku, mapinduzi na mahakama. Lakini mwanachama anaweza kupewa uwezo wa kumbadili nahodha akiwa ndani ya chombo: kura za wajumbe ziheshimiwe, mbunge asipoteze kiti kwa kugombana na mwenyekiti, na mgombea binafsi aruhusiwe. Bila hayo, mpigakura ataendelea kushusha tanga na kupandisha tanga, huku safari ikiamuliwa na wengine.