Sheria ya Tabianchi Ilizaliwa na Ukame, na Sisi wa Mtaani Tunazama

Kila mvua kubwa ikipiga Nairobi, mtu anaandika mtandaoni ati serikali haina mpango wa tabianchi. Wasee, mpango uko, tena si mmoja. Mimi naona shida iko kwa historia yake.

Hii nchi ilianza kufikiria tabianchi kwa sababu ya kiangazi. Ukame wa 1984 uliumiza watu vibaya, ukarudi 2000 na stima zikawa za mgao, halafu ule wa 2011 ukamaliza mifugo kaskazini. Kwa hivyo ofisi zilijengwa kufuata ukame. NDMA, mamlaka ya kukabiliana na ukame, ilianzishwa 2011. Inafanya kazi kwa kaunti 23 kame, na Nairobi haimo.

Upande wa sheria ulikuwa na drama. Mkakati wa kwanza wa taifa ulitoka 2010. Mbunge Wilber Ottichilo akaleta mswada, Bunge likaupitisha, lakini Januari 2013 Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Sababu? Umma haukushirikishwa vya kutosha. Iliudhi wengi, lakini mimi naona alikuwa na pointi. Mswada ulirudi, na Mei 2016 Uhuru Kenyatta akaweka sahihi.

Kwa karatasi, sheria hiyo ni moto. Rais mwenyewe ndiye mwenyekiti wa baraza la tabianchi. Lazima kuwe na mpango wa utekelezaji wa kila miaka mitano. Kila kaunti iingize tabianchi kwa mpango wake wa maendeleo. Mwaka huo huo ukatoka pia mpango wa taifa wa kuhimili mabadiliko, unaofika hadi 2030.

Lakini kitu kizuri zaidi hakikutoka Nairobi. Kilitoka Isiolo. Huko, hata kabla ya sheria kupita, watu walikuwa wanajaribu mfuko wa pesa ambapo kamati ya wadi, iliyochaguliwa na wenyeji, ndiyo inaamua pesa zifanye nini. Si mbunge, si mtaalamu aliyekuja na Prado. Na Waborana tayari walikuwa na dedha, baraza la wazee linaloamua ng'ombe walishe wapi kiangazi, wapi wakati wa mvua, na nani anywesha kwa kisima gani. Serikali kwa miaka mingi ililipuuza. Mfuko ukalirudishia nguvu, kwa sababu hakuna maana ya kuchimba silanga pahali ambapo mifugo itamaliza nyasi yote kwa wiki mbili. Makueni na Wajir wakafuata na sheria zao. Kufikia 2021, serikali ilichukua mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 kueneza wazo hilo la kamati za wadi kupitia mradi wa FLLoCA.

Sasa angalia 2024. Mafuriko ya Machi hadi Mei yaliua zaidi ya watu 200, kuanzia Mai Mahiu hadi kando ya Mto Mathare. Serikali ilifanya nini Mathare? Ilileta tingatinga, ikabomoa nyumba zilizo kando ya mto, na Rais Ruto akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia. Hakuna mtu aliketi na wenyeji kwanza awaulize maji huingia wapi na wao huhamia wapi. Kile kitu kilichofanya mswada urudishwe 2013 hakikukumbukwa na mtu.

Na usiniambie ati ghetto haina wazee wa dedha. Kila ploti iko na mtu anayejua mtaro gani huziba kwanza.

Kitu kingine chenye wengi hawajui: kifungu cha 23 cha sheria hiyo kinaruhusu mtu kwenda Mahakama ya Mazingira bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Yaani huhitaji kungoja nyumba ibebwe.

Kama wadi yako iko na kamati ya tabianchi, niandikie hapo chini inakutana wapi na lini. Nikipata za Nairobi nitaziweka kwa posti ijayo.