Stensili na Kumbukumbu ya Vita vya Ukombozi Kaskazini mwa Cabo Delgado

Leo mwanafunzi mwenye kompyuta anaweza kuigeuza picha ya shujaa kuwa stensili kwa dakika chache, akaikata kwenye karatasi ngumu na kuipulizia rangi ukutani. Wengi huiona kazi hiyo kuwa mchezo wa vijana wa mijini. Insha hii inatoa hoja tofauti. Stensili ni chombo chenye historia katika ukombozi wa Msumbiji, na namna inavyotengeneza sura ya mtu inafanana na namna historia ya Cabo Delgado ilivyosimuliwa. Waliofifia katika masimulizi hayo ni hasa watu wa pwani, kuanzia Palma na Mocímboa da Praia hadi visiwa vya Quirimbas.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Programu za kuhariri picha, kama Photoshop iliyotoka mwaka 1990 na GIMP inayopatikana bure, huanza kwa kuiondolea picha rangi. Hubaki ngazi 256 za kijivu, kutoka 0 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 255 ambayo ni nyeupe kabisa. Kisha mtumiaji huweka kizingiti, tuseme 128. Kila pikseli iliyo chini ya kizingiti huwa nyeusi, na iliyokifikia au kukizidi huwa nyeupe. Akikishusha hadi 90, shavu lenye kivuli huwa jeupe na kupotea. Akikipandisha hadi 170, macho humezwa na weusi. Picha ni ileile, lakini sura inayotoka si ileile, na uamuzi ni wa aliyeshika kipanya.

Liko pia tatizo ambalo mafundi huliita la visiwa. Kipande kilichozungukwa na sehemu iliyokatwa, kama katikati ya herufi O, huanguka chini. Ili kibaki, fundi huacha daraja jembamba la kukiunganisha na karatasi nyingine.

Kanuni hii ni ya zamani kuliko kompyuta. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na jarida lake la Kiingereza, Mozambique Revolution, lilitayarishwa mjini humo na idara ya habari iliyoongozwa na Jorge Rebelo. Matoleo yake ya mwanzo yalitolewa kwa mashine ya kurudufu. Karatasi ya stensili ilitobolewa kwa taipureta au kwa kalamu ya chuma, na wino ukapenya kwenye matundu. Njia hiyo ilikuwa nafuu, tena haikuhitaji kiwanda cha uchapaji. Ilifaa maandishi na michoro ya mistari, lakini vivuli vya picha ilivishindwa.

Ulimwenguni kote miaka hiyo iliipenda sura isiyo na kijivu. Mwaka 1968 msanii Jim Fitzpatrick wa Ireland alichukua picha ya Che Guevara iliyopigwa na Alberto Korda mwaka 1960, akabakiza weusi na wekundu tu. Guevara mwenyewe alikuwa amepita Dar es Salaam mwaka 1965, alikoonana na viongozi wa FRELIMO. Picha kamili ya Korda ilikuwa na mtu mwingine pembeni na majani ya mnazi. Mtu yule alikatwa nje ya picha, na ni wachache wanaokumbuka kwamba alikuwepo.

Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, kuta za Msumbiji zilijaa michoro ya mapinduzi. Albie Sachs, mwanasheria wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni Maputo, aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1983. Sura za Eduardo Mondlane, Samora Machel na Josina Machel ziliingia pia kwenye vitambaa vya kapulana. Josina, aliyefariki tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25, alifanya kazi Cabo Delgado katika kikosi cha wanawake na katika malezi ya watoto walioathiriwa na vita. Kwenye kitambaa, mwanamke huyo anabaki uso mmoja tu.

Je, kizingiti cha historia ya Cabo Delgado kiliwekwa wapi? Matukio yanayotajwa daima ni mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 na risasi za kwanza za vita, zilizopigwa Chai tarehe 25 Septemba 1964. Yote mawili ni ya kweli, na Wamakonde wa uwanda wa juu walibeba mzigo mkubwa wa vita. Hata hivyo, pwani nayo ililipa. Polisi wa siri wa Wareno, PIDE, waliwakamata masheikh na walimu wa madrasa waliotuhumiwa kuiunga mkono FRELIMO, na ngome ya Ibo ikageuzwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Hao ndio ngazi za kijivu: hawakushika bunduki, lakini hawakuwa upande wa mkoloni.

Mfano mgumu zaidi ni Lázaro Nkavandame. Aliiongoza Cabo Delgado ndani ya FRELIMO, akajitenga na kujisalimisha kwa Wareno mwaka 1969. Baada ya uhuru aliuawa bila hukumu ya mahakama. Mtu aliyekuwa kiongozi na kisha msaliti hawezi kuchorwa kwa rangi mbili.

Jambo hili si la zamani tu. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017, na lile la Palma la tarehe 24 Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wamezikimbia nyumba zao. Wamwani, ambao lugha yao ni jirani wa karibu wa Kiswahili, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba matunda ya uhuru yaliwapita. Sasa kijana wa pwani anayefika Pemba akiwa mkimbizi hutazamwa na baadhi ya watu kama mwasi. Hicho nacho ni kizingiti: ama raia, ama adui.

Huenda msomaji akasema kwamba stensili lazima irahisishe, la sivyo mpita njia hataitambua sura. Ni kweli, lakini ufundi wenyewe una dawa. Picha moja huwekewa vizingiti vitatu, kwa mfano 80, 130 na 190, kisha hukatwa karatasi tatu na kupuliziwa rangi tatu, moja juu ya nyingine. Kijivu hurudi. Kazi huongezeka mara tatu, na hiyo ndiyo gharama yake.

Kwa mwanahistoria, tabaka hizo ni majalada ya PIDE yaliyohifadhiwa Torre do Tombo, Lisbon, na masimulizi ya wazee wa Ibo, Palma na Mocímboa. Majalada yatasubiri. Wazee wametawanywa na vita, na kila mwaka wanapungua. Tuanze na wao.