Vijiwe vya Nyongo na Tiba za Nyumbani

Nyongo ni maji machungu yatengenezwayo na ini, yakawekwa akiba katika kifuko kidogo chini yake, yapate kusaidia kusaga chakula chenye mafuta. Yakizidiwa na kolesteroli, ambayo ni namna ya mafuta ya mwilini, aghalabu huganda polepole yakawa vijiwe. Kijiwe kikitulia, mwenyewe aweza kuishi nacho miaka mingi bila habari. Kikiziba njia ya nyongo, huleta maumivu makali chini ya mbavu za kuume, na pengine macho hugeuka manjano.

Nimeanza hivyo, msomaji, kwa sababu ya chupa niliyoletewa nyumbani kwangu Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru, na mama mmoja jirani yangu. Daktari alikuwa amekwisha kumwonyesha vijiwe vyake katika picha, naye akakiogopa kisu. Mtu akamwelekeza anywe usiku mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na maji ya malimau. Asubuhi alitokwa na vidonge vingi vya kijani, akavikosha, akavitia katika chupa ya jamu. "Mwalimu," akaniambia, "haya ndiyo mawe yaliyokuwa yakinila." Nikashangilia pamoja naye.

Dawa hiyo si urithi wa bonde letu. Ilitumiwa Ulaya katika karne ya 19, zama ambazo kufunguliwa tumbo kulikuwa karibu sawa na kuchimbiwa kaburi. Wala hofu hiyo haikwisha mara moja hata baada ya tarehe 15 Julai 1882, siku ambayo Carl Langenbuch wa Berlin alikiondoa kifuko chote cha nyongo cha mgonjwa, na mgonjwa akapona.

Lakini vidonge vile vya kijani ni nini? Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand waliandika katika jarida la Lancet habari za mwanamke aliyewaletea vidonge kama hivyo, baada ya kunywa mafuta na maji ya limau. Hawakubishana naye, walivipima. Vilipotiwa joto la digrii 40 kwa dakika 10 viliyeyuka vikawa mafuta ya kijani. Ndani yake hamkuwa na kolesteroli hata chembe. Mwanafunzi wa kemia amekwisha kukisia: mafuta yale, yakisha kumeng'enywa tumboni, yalikutana na potasiamu ya limau, yakawa sabuni. Dawa yenyewe ndiyo iliyozaa mawe yaliyoonekana, na vijiwe vya kweli vilikuwa vingali mahali pake.

Je, wenyeji wa zamani wa nchi hii walikuwa na dawa gani? Wamaasai walichunga katika bonde hili la Nakuru na Naivasha mpaka mapatano ya mwaka 1904 yalipowahamisha, baadhi Laikipia, wengine kusini. Chakula chao kilikuwa maziwa na nyama, na mtu angedhani nyongo zao zilijaa mawe. Sivyo. Mwaka 1971 wataalamu waliowachunguza waliandika kwamba vijiwe vya kolesteroli kwao vilikuwa adimu mno, wakadhani ni tabia ya mwili iliyojengeka kwa vizazi vingi. Baadaye mtaalamu wa mimea Timothy Johns na wenziwe walitazama magome ambayo Wamaasai huyatia katika supu na maziwa, kama ya mti waitao olkiloriti. Katika maabara baadhi ya mimea hiyo ilionekana kuweza kuishika kolesteroli. Basi asije mtu akachemsha gome usiku mmoja akingoja mawe yatoke! Lile lilikuwa jambo la mezani, la kila siku na la maisha mazima, pamoja na mwendo wa mchungaji, nalo halikukusudiwa kuyeyusha kijiwe kilichokwisha kuganda.

Iko dawa moja ya kale iliyoushinda mtihani. Wachina walitumia nyongo ya dubu tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mwaka 1927 Mjapani Masato Shoda alitenga asidi iliyomo ndani yake, na katika miaka ya 1970 ikathibitika kwamba huyeyusha vijiwe vidogo vya kolesteroli. Siku hizi hutengenezwa viwandani, dubu hahitajiki. Lakini huchukua miezi mingi, haifai kwa vijiwe vikubwa, na vilivyoyeyuka huweza kurudi.

Jirani yangu hakupata nafasi ya kuijaribu. Wiki chache baada ya siku ya chupa alipelekwa hospitali usiku, macho manjano, homa ikimtetemesha, akapasuliwa. Alipopata nafuu alinionyesha vijiwe vyake vya kweli: vitatu, vya rangi ya kahawia. Tulivitia katika maji ya moto pamoja na kidonge kimoja cha kijani kutoka katika chupa ya jamu. Kile cha kijani kikaelea juu ya maji kama mafuta ya mchuzi. Vile vitatu vilibaki kama vilivyokuwa.